Wakuu roho inakazwaje? Mimi nikisemwa kidogo tu nimeisha

MoyoKaratasi: Habari zenu wakuu, naombeni ushauri ila matusi hapana. Mimi me, miaka 27, moyo wangu mwepesi mno. Wiki iliyopita bosi kanisema kwenye kikao mbele ya watu, kaongea kama dakika moja akaendelea na mambo mengine, mimi nikabaki nayo siku 4, naoga nayo, nalala nayo yani silali, nabishana naye kichwani na huko kichwani namshinda kila mara ila nikimwona ofisini nywii. Mwaka juzi niliacha kozi kisa kufeli jaribio la kwanza. Washkaji wananiambia kaza, we mwanaume. Sasa nakaza wapi, kuna nati?

Kijeba: Kaza tu mkuu, dunia haina huruma.

MamaWawili: Kijeba si ndo hichohicho alichokuja kukilalamikia 😂 Mdogo wangu, kuumia utaumia tu, we angalia unachukua muda gani kurudi. Leo siku 4, zikiwa 2 ushasogea. Mimi nikisemwa nachukua karatasi naandika alichosema mtu neno kwa neno, pembeni naandika nilichojiongezea mwenyewe, aisee utashangaa. Halafu usingizi, mtu mzima ukilala chini ya masaa 7 kila siku hata salamu unaiona dharau.

MtuPembeni: Na msimdanganye kwamba roho ngumu mtu anazaliwa nayo basi. Kuna mtafiti Emmy Werner, yeye na wenzake walifuatilia watoto 698 waliozaliwa 1955 kisiwa cha Kauai kule Hawaii mpaka wakawa watu wazima. Waliokulia kwenye shida nzito, kama theluthi moja walikuja kuwa watu wazima wenye maisha yao safi tu, na moja ya vitu vilivyowabeba ni kuwa na mtu hata mmoja wa kumwegemea, sio lazima mzazi, bibi sawa, mwalimu sawa. Kwa hiyo mtoa mada, wako ni nani? Hao wa "kaza" usiwahesabu.

Kijeba: Sawa nimesikia jamani. Ila kukosa usingizi kukivuka wiki 2 na kila kitu hukitaki, nenda kamwone daktari au mshauri, hapo sio suala la kukaza tena.

MoyoKaratasi: Nimerudi wakuu. Karatasi nimeandika, bosi alisema "hesabu za ukurasa wa pili hazijakaa sawa, rekebisha". Basi. Upande wangu kuna mistari 9, mara mjinga, mara watanifukuza, mpaka ya mwalimu wa darasa la 5 imo 😅 Nimempigia dada yangu tumeongea saa zima, yeye kumbe alidhani mimi ndo mgumu kwenye familia. Fomu ya ile kozi nimeifungua ila sijajaza, mkono mzito.

MamaWawili: Leo jaza jina tu, ufunge, ukalale.