Bushi za nyuma Datsun 240Z: pini ndefu ya chini imegoma kutoka

Z_ya_Babu

Wakuu habari za muda huu. Nina Datsun 240Z ya 1972, injini ni ile ile yake ya silinda sita lita 2.4, kutu ya bodi nimeshaimaliza na mbele kote nimeshaweka raba mpya, sasa nimehamia nyuma. Gari nikiwa kwenye kona nikiachia mafuta nyuma inaserereka kidogo kama vile kuna mtu anausukuma mkia, nikikanyaga tena inarudi, na juu ya hapo kuna mlio wa "ko" kila nikiachia klachi. Nikalala chini na tochi nikakuta bushi (vile vikombe vya raba kwenye maungio) za ndani za amu, ile mikono ya chini inayoshika gurudumu, zimepasuka zote, raba ukiigusa na kidole inamomonyoka, na zile za nje bomba lake la katikati wala halipo katikati tena limelalia upande mmoja.

Bushi mpya za poli (poliurethani, plastiki ngumu kuliko raba) ninazo mkononi. Nilipokwama ni kwenye ile pini ndefu inayopita kwenye amu na kwenye mguu wa shokapu, nati za pande zote mbili zimetoka vizuri tu ila pini haisogei hata nywele, oili ya kulegeza kutu nimemwaga mpaka sakafu inateleza, nimegonga kwa nyundo na kipande cha shaba, wapi! Naogopa nikiendelea nitaua thredi. Mnafanyaje hapo? Na swali la pili, kuna jamaa ananiambia poli nizirudishe nichukue raba, ni kweli au maneno tu?

SpanaMbili

Mkuu weka nyundo chini kwanza. Ile bolti ndogo ya kufungia umeitoa? Iko katikati ya mguu wa shokapu, ina ubapa upande mmoja na inakaa kwenye pengo lililochongwa kwenye pini, kazi yake ni kuibana pini isitembee. Hiyo isipotoka yote, sio kulegea, KUTOKA, hata ulete presi ya tani 20 utaishia kuvunja kitu. Watu wengi wanalegeza nati yake wanadhani wamemaliza, kumbe bolti yenyewe imekwama ndani na kutu. Rudisha nati mpaka ilingane na mwisho wa thredi, gonga taratibu, ikianza kusogea toa nati umalizie na panchi nyembamba.

Z_ya_Babu

Hiyo ilishatoka mkuu, ilitoa jasho lakini ilitoka. Nikichungulia kwenye tundu lake naona pengo la pini kabisa. Pini ndo bado.

MkerezaChuma

Kama bolti ya kufungia imetoka na pini bado imegoma basi umeingia kwenye ile kazi inayofahamika na kila mwenye Z, karibu sana. Bushi zenyewe ni kazi ya mchana mmoja ukiwa na vifaa, pini ndio inayokula wikendi. Sababu ni kwamba pini ya chuma imekaa kwenye tundu refu la chuma zaidi ya miaka 50, maji na chumvi vinaingia pembeni havitoki, kutu inavimba ndani, na mle hamna grisi wala raba ya kuitenganisha. Kwa hiyo ukigonga mwisho wa pini kwa nyundo kinachotokea ni kwamba ncha inatutumka kama uyoga na sasa haipiti hata kwenye bushi, umejiongezea kazi.

Kuna kifaa cha kuvutia, nati ndefu inafungwa kwenye thredi ya pini, upande wa pili wa nati unafunga fimbo ya thredi nene, unavisha bomba linaloegemea mguu wa shokapu halafu unakaza nati ya nje pini inavutwa taratibu. Kwa pini iliyokwama kidogo kinafanya kazi safi. Iliyokwama kweli kweli thredi inang'oka kabla pini haijasogea, kwa hiyo kaza, ukihisi spana inazunguka laini ghafla acha hapo hapo.

Mimi kwa gari la umri huo ningeihesabu pini kama kitu cha kutupa. Agiza mpya za pande zote mbili kabla hujaanza, zinatengenezwa mpaka leo. Halafu kata. Kati ya amu na mguu wa shokapu kuna mwanya mdogo ambapo kuna washa, blade nyembamba ya msumeno wa umeme inapita pale, unakata pini upande huu na upande ule, amu inadondoka yenyewe. Kinachobaki ni kipande cha katikati kwenye mguu wa shokapu, huo unautoa wote kwenye gari unaupeleka kwenye presi. Kuutoa ni kufungua draivu shafti, paipu ya breki, waya wa hendibreki na nati TATU za juu. Tatu za pembeni, ile ya katikati usiiguse kabisa, ndiyo inayoshikilia springi ikiwa imebanwa, ukiifungua springi inaruka na inaweza kuua mtu.

Kwenye presi simamisha mguu sawasawa kwenye kizuizi imara, pini ikae wima, weka presha halafu acha ikae hivyo hivyo na presha yake huku unagonga pembeni ya chuma cha mguu. Mara nyingi inatoka kwa mlio kama risasi, usisimame mbele yake na vaa miwani.

Moto? Unasaidia, ila shokapu iwe imeshatolewa ndani ya bomba lake, ina mafuta na ukiipasha moto imefungwa inaweza kupasuka. Na beringi na sili za habu ziko jirani, grisi yake itayeyuka itoke. Mimi moto naweka mwisho kabisa.

RabaTu

Hilo jamaa aliyekwambia raba ni mimi nadhani 😂 ila nisikilizwe. Tofauti ya raba na poli sio ugumu tu. Bushi ya raba imegandishwa kwenye ganda la nje na kwenye bomba la ndani, amu ikipanda na kushuka raba inajipinda, hamna kinachozunguka. Poli haijagandishwa, inazunguka juu ya bomba lake. Kwa hiyo poli inahitaji grisi yake maalumu inayokuja na seti, ukiweka grisi ya kawaida au ukasahau kupaka, baada ya muda inalia kwenye kila tuta na abiria wanakuuliza gari lina nini. Poli inashika vizuri zaidi kwenye kona na haidhuriki na oili, hilo sibishi, ila mtikisiko mdogo mdogo wote unaingia ndani. Gari la kwenda nalo mwendo wa Jumapili mimi naweka raba. La kukimbiza kwenye kiwanja cha mbio, poli.

SpanaMbili

RabaTu umesema vizuri ila ukaacha la muhimu kuliko yote kwa wanaoweka raba. Zile nati hazikazwi gari likiwa juu ya jeki! Amu ikiwa inaning'inia ukakaza, raba inashikwa katika hali ile, ukishusha gari chini inakuwa imepinda muda wote hata ukiwa umepaki, baada ya muda mfupi inachanika na wewe unalaumu bushi feki. Shusha gari likae kwa matairi yake, litikise juu chini mara kadhaa, ndipo ukaze kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza) kufuata namba za kitabu cha gari. Poli haina hiyo shida maana inazunguka, unaweza kukaza popote.

Z_ya_Babu

Duh asanteni wakuu, nimeagiza pini zote mbili na nitakata. Nabaki na poli zangu, gari silipeleki kanisani peke yake. Sasa zile bushi za zamani kwenye amu nazitoaje, mtu kaniambia nizichome moto raba iishe. Na ule mlio wa "ko" wa klachi utaisha na bushi?

MkerezaChuma

Usichome, moshi wake ni sumu na rangi ya amu inaungua yote. Toboa raba kwa drili kuzunguka bomba la kati, matundu mengi yakaribiane, bomba na nyama ya raba vinasukumika nje pamoja. Linabaki ganda jembamba la chuma limebana ndani ya amu. Hapa simama kwanza usome karatasi ya seti yako, kuna seti za poli zinataka ganda la zamani libaki na kuna zinazotaka litoke, ukishalitoa halirudi. Likitakiwa kutoka, fungua blade ya msumeno wa chuma uipitishe ndani ya tundu uifunge tena, kata ganda kwa urefu, pole pole, ukiona unga umebadilika rangi au msumeno umebadilisha sauti umefika kwenye amu yenyewe, simama. Kata moja ikifika mwisho patasi ndogo inalikunja kwa ndani linatoka kwa mkono. Safisha tundu kwa brashi ya waya na msasa.

Kurudisha pini mpya: isugue tundu la mguu wa shokapu mpaka pini iingie kwa mkono, paka grisi ya kuzuia kutu kushika pini nzima, geuza pini mpaka lile pengo lake litazame tundu la bolti ndogo, ingiza bolti mpya, ndipo nati za pembeni. Ukianza na nati za pembeni pengo likakaa vibaya utafungua upya.

RabaTu

Mlio wa klachi sidhani kama ni bushi za amu. Kwenye hizi gari raba inayoshikilia pua ya difu (ile gia ya nyuma inayogawa nguvu kwa magurudumu) inachanika, ukiachia klachi pua inaruka juu inagonga ule mkanda unaopita juu yake kisha inarudi, ndo hiyo "ko". Weka gari juu ya stendi, jeki iwe chini ya pua ya difu, inyanyue kidogo kidogo, raba ikiachana vipande viwili ndo hiyo. Ukikuta nzima angalia krosi (maungio) za draivu shafti, shika shafti izungushe kwa mkono kushoto kulia, krosi nzima haichezi kabisa. Na kwa kuwa amu ziko chini, bushi za ile bapa ndefu ya nyuma inayobeba difu nazo ziko wazi mbele ya macho yako, badili humo humo usije ukarudi chini ya gari mwezi ujao.

SpanaMbili

Na ukimaliza peleka ikapimwe alaimenti (mwelekeo wa matairi). Nyuma kiwandani haikuwekewa pa kurekebisha, kwa hiyo matairi yakionekana yanatazama pembeni baada ya bushi mpya ujue kuna amu imepinda au bodi ina historia.