Tupeane uzoefu: Kimono ya kukodi Kyoto, nini huharibika njiani?

Binti_Pindo (mleta mada)
Wakuu, maua ya cheri yanakaribia na maswali ya kukodi kimono, lile vazi la Kijapani, yameanza kumiminika. Huu si uzi wa kuonyeshana picha. Leteni yale yanayoharibika tangu mtu anapotoka dukani asubuhi hadi anaporudisha nguo jioni, na sababu zake.

Naanza na saa. Seti ya kawaida ya kukodi huwa kati ya yeni 3,000 na 6,000, nywele mara nyingi zinalipiwa pembeni, na maduka mengi yanataka nguo irudi saa kumi na moja au kumi na mbili jioni. Kuvalishwa kunakula nusu saa, na msimu wa maua foleni inakula nyingine. Anayepanga saa sita mchana amelipa siku nzima akapata muda wa saa nne tu. Chukueni zamu ya kwanza ya asubuhi.

Kola_Nyuma
Nguo ya kwenda nayo dukani iwe ya vifungo mbele, maana ukitengenezwa nywele kwanza, fulana ya kuvulia kichwani itazivuruga. Ya ndani iwe na shingo pana, hasa nyuma. Kola ya kimono ya mwanamke inavutwa nyuma ibaki nafasi ya ngumi moja kutoka shingoni, kwa hiyo fulana ya shingo ya duara itachungulia siku nzima. Sidiria za kunyanyua kifua ziacheni hotelini. Kimono inataka mwili ulionyooka kama gogo, ndiyo maana mvalishaji anakuzungushia taulo kiunoni kabla ya kuanza.

shangazi_wa_Mikindani
Taulo ili kiuno kipotee! Huku tunakibana ili kionekane.

Mwana_Mikanda
Watu wakikosa pumzi wanailaumu obi, ule mkanda mpana wa kiunoni. Mkosaji huwa ni kamba zilizo chini yake.

Koshihimo, yaani kamba ya kufungia, ya kwanza inakaa chini ya kiuno, juu kidogo ya nyonga. Hiyo ndiyo inayobeba urefu wote wa nguo. Kimono ya mwanamke inakuwa ndefu kuliko anavyohitaji, ziada inakunjwa juu ya kamba hiyo na mkunjo wake ndio ohashori, ule unaochungulia chini ya obi. Kamba hiyo ikilegea kila kitu kinashuka, kwa hiyo ivumilie. Ya pili, ya chini ya kifua, kazi yake ni kushika kola tu. Mvalishaji mwenye haraka akiikaza kama ya kwanza, baada ya saa moja unaona nyota mchana. Wakati anafunga usimeze tumbo kumfurahisha. Vuta pumzi, jaza tumbo, simama hivyo hivyo mpaka amalize. Vidole viwili viingie kati ya kamba na mbavu. Visipoingia mwambie "kurushii", yaani unakosa pumzi, na umwambie ukiwa dukani.

Nnela
Na mle kwanza. Kidogo lakini.

Mwana_Mikanda
Wengine wanasema msile kabisa. Mimi nasema mle.

Mama_Vibanio
Uzi huu ukinyamazia choo utakuwa umetudanganya.

Chukulia mtu amekunywa matcha, ile chai ya kijani, vikombe viwili pale Gion, mtaa wa zamani wa Kyoto. Foleni ya choo cha umma ndefu, mlango unafunguka, choo ni cha kuchuchumaa, sakafu mbichi, kapochi kananing'inia kwenye kifundo cha mkono. Kosa linatokea hapo hapo: anakunja kila kitu kwa mpigo mmoja kama anavyokunja gauni. Nguo hizo ni za kuteleza. Ya ndani inashuka, ya juu inabaki, na akitoka ana pindo limening'inia upande mmoja kama pazia lililokatika ndoano.

Anza na mikono ya nguo kabla hujaingia. Zikutanishe ncha zake mbele uzichomeke kwenye obijime, ile kamba ya mapambo inayopita katikati ya obi. Ukiwa ndani, shika pembe mbili za kimono, fungua kushoto na kulia, pandisha hadi juu ya obi, bana kwa kibanio. Kisha nagajuban, ile ya katikati, vivyo hivyo. Kisha sketi ya chini. Moja moja, usichanganye. Kushusha ni kinyume: ya ndani kabisa itangulie, itikise mpaka idondoke yenyewe, ndipo inayofuata. Ukianza na ya juu, ya ndani inajikunyata matakoni na hutaifikia tena. Kabla ya kufungua mlango pitisha kiganja nyuma, kwa sababu pindo lililosahaulika juu ya obi wataliona mtaa mzima kabla yako.

Jambo ambalo dukani hawasemi: chupi au taiti ya kufika kitovuni inanaswa chini ya koshihimo, na haishuki mpaka mkanda wote ufunguliwe. Vaeni za chini ya nyonga. Mwenye taiti ndefu amejifunga kufuli mwenyewe.

Kipusa_K
😭😭 Hiyo ya kufuli.

Nnela
Vibanio viwili vya kuanikia nguo. Basi.

Mzee_wa_Kikoi
Utaviweka wapi? Kimono haina mfuko.

Nnela
Mkono wa nguo ndio mfuko. Leso, vibanio, plasta. Simu hapana, inavuta mkono na ikidondoka inadondokea mawe.

Mkaguzi
Mleta mada, picha uliyoweka juu kabisa, mtu amefunika upande wa kulia juu ya kushoto. Hivyo huvalishwa maiti. Badilisha.

Binti_Pindo
Ni selfi, mkuu. Kamera ya mbele imegeuza. Tazama bango la nyuma yake, maandishi yanasomeka kinyume.

Mkaguzi
Selfi au siyo, atakayeiga picha atavaa kama maiti.

Kola_Nyuma
Msigombane, kipimo kipo. Upande wa kushoto wa mvaaji unakuwa juu, mwanamke kwa mwanamume. Amri hiyo Japani ilitolewa mwaka 719. Anayekutazama aone herufi ndogo y kifuani pako. Ukiwa peke yako, ingiza mkono wa kulia kifuani: ukipita bila kizuizi uko sawa. Wanaokosea sana ni dada zetu, kwa sababu shati la kike la dukani linafunga kinyume, kulia juu ya kushoto, na mikono ishazoea. Dukani huwezi kukosea maana unavalishwa. Ni yukata ya hotelini, kimono nyepesi unayojifunga mwenyewe, ndiyo inayoumbua watu.

Kipusa_K
Yukata ya hoteli mtu anaweza kutoka nayo barabarani?

Mzee_wa_Kikoi
Kinosaki Onsen ndiyo, mji mzima unazunguka nayo kwenda nyumba saba za kuogea. Hoteli ya katikati ya Tokyo hapana, ni sawa na kushuka Kariakoo na pajama.

Ngazi_46
Ngojeni niwaambie panapoangusha watu kweli. Sannenzaka, njia ya kupandia hekalu la Kiyomizu-dera. Ngazi 46 za mawe, watu wamejaa, kila mtu ana simu juu.

Mvaaji anapanda. Mguu unakwenda juu, lakini pindo la mbele lilishashuka sentimita tatu tangu asubuhi, kwa hiyo kidole cha ndara kinalikanyaga. Mwili unapanda, kitambaa kimebaki chini. Sasa mvuto wote unakwenda kwenye koshihimo. Ohashori inakunjuka, sentimita ishirini za nguo zinaporomoka, na hatua ya pili anakanyaga zaidi kuliko ya kwanza. Nguo ya mbele inafunguka, anaachia mkoba ashike nguo, anakosa mkono wa kujishikia. Chini.

Na hapo ni Sannenzaka, ambapo wazee wa Kyoto husema anayeanguka atakufa ndani ya miaka mitatu!

shangazi_wa_Mikindani
Subhanallah. Na dawa yake?

Ngazi_46
Buyu. Hapo hapo ngazini wanauza vibuyu vidogo vya kuondoa nuksi.

Kipusa_K
Biashara imekaa pazuri. Mteja anadondoka mlangoni.

Mkaguzi
Tumeacha kimono tunajadili uchawi.

Mzee_wa_Kikoi
Na Ninenzaka, ya chini yake, ni miaka miwili. Anguka ya juu, una nafuu.

Mwana_Mikanda
Turudini. Kupanda: mkono wa kulia ushike ukingo wa upande wa juu, usawa wa paja, unyanyue mpaka vifundo vya miguu vionekane, si zaidi. Geuka mshazari kidogo, usikabili ngazi uso kwa uso. Kushuka, hatari inahamia nyuma: ngazi ya juu yako inagusa pindo, kwa hiyo nyanyua nyuma pia. Pindo likishashuka, usivute chini wala usijaribu kukaza obi. Nyanyua ziada ya nguo kiunoni uichomeke chini ya obi kwa vidole, kidogo kidogo kuzunguka. Ohashori ikiwa na uvimbe, ingiza mikono kwenye matundu ya chini ya makwapa na uilaze kwa viganja. Kimono ya mwanamume haina matundu hayo.

Ndara_Mbao
Ndara! Zori inayokaa vizuri inaacha kisigino kining'inie nje sentimita moja au mbili. Wageni wanaomba saizi kubwa wafunike kisigino, halafu inakanyaga pindo la nyuma. Vidole visisukumwe hadi mwisho wa mkanda. Plasta ibandikwe kati ya kidole gumba na cha pili KABLA ya kutoka.

Hodari_wa_Hariri
Mnaongelea kukanyaga, hamuongelei kitambaa. Kodini hariri. Poliesta inateleza, ndiyo maana inashuka.

Mama_Vibanio
Hariri ikinyeshewa inasinyaa na kupata madoa. Utalipa wewe? Poliesta ndiyo nguo ya mtalii.

Hodari_wa_Hariri
Poliesta Kyoto mwezi wa nane ni sufuria yenye kifuniko.

Mama_Vibanio
Mwezi wa nane vaa yukata ya pamba. Haina juban, haina tabaka.

Mkaguzi
Kwa mara ya kwanza mmesema jambo moja bila kujua.

Asha_wa_Mtungi
Wenye hijabu: ncha za mtandio ziingie ndani ya kola ya juban kabla kamba ya pili haijafungwa. Baadaye hakuna nafasi. Chukueni kitambaa chepesi cha rangi moja, kinene kitajaza shingo na kola itakaa mbele. Wenye rasta, zipandishwe zote juu ya kisogo. Zikilala mgongoni zinasukuma kola, na mafuta ya nywele yanaiachia doa ambalo duka litakudai.

Kipusa_K
Na wenye nyonga zetu hizi?

Asha_wa_Mtungi
Tuma kipimo cha nyonga kabla ya kulipa. Kitambaa cha kimono kinafumwa upana wa karibu sentimita 36 hadi 38, na nguo inashonwa kwa vipande hivyo, kwa hiyo upana una mwisho. Duka lenye saizi pana litakujibu wazi. Nguo ikiwa finyu, upande wa juu haufiki mshono wa pembeni, na ukitembea mbele inafunguka hadi gotini.

Mtetezi
Nauliza tu, hatuwakosei wenyewe kuvaa mavazi yao?

Mzee_wa_Kikoi
Mwaka 2015 kule Boston makumbusho ilipata maandamano kwa sababu hiyo hiyo. Lakini Kyoto mwenye duka anakuvalisha kwa mikono yake. Tofautisha tu kimono na mavazi ya maiko, wale wanaojifunza ugeisha. Ukivaa ya maiko na uso mweupe ukazurura Gion, wageni watakukimbiza na kamera wakidhani wewe ni maiko wa kweli.

Mtetezi
Kwa hiyo jibu ni ndiyo au hapana?

Binti_Pindo
Fungua uzi wake, dada. Kuhusu Gion, vichochoro vya watu binafsi tangu 2024 vina mabango ya kuzuia kupita, faini yeni 10,000. Hanamikoji yenyewe, ile njia kuu ya Gion, ni barabara ya umma, pita.

Ndara_Mbao
Na teksi hamjasema. Tanguliza makalio, kaa, ndipo uingize miguu yote miwili pamoja. Usiegemee, fundo la obi liko nyuma na likibonyea halirudi.

shangazi_wa_Mikindani
Kwa hiyo kibuyu ni shilingi ngapi?