Bangkok: mtu akikwambia Grand Palace imefungwa leo, ni MUONGO, usipande bajaji yake!!

Wakuu habari zenu. Naandika nikiwa na hasira bado, na wiki sasa imepita.

Nilienda Bangkok kufunga mzigo kule soko la nguo la Pratunam, safari hii nikaenda na bi mkubwa, mama yangu, ana miaka 63 na magoti yanamsumbua. Tulibakiwa na siku moja tu ya kutembea, na yeye alitaka kitu kimoja, kuiona Grand Palace, ile kasri waliyoianza 1782. Tumejistiri mabega na miguu kama wanavyotaka, saa nne asubuhi tupo nje ya ukuta, anatokea mzee mmoja shati jeupe limenyooshwa, kitambulisho shingoni, anasema leo asubuhi kuna ibada, watalii hawaingii mpaka saa nane. Akanichukulia ramani akaizungushia kalamu sehemu tatu, akaita bajaji, baht 20 tu mzunguko wote. Hapo ndipo ningeshtuka, baht 20 Bangkok hata kona moja hupelekwi!

Hekalu moja dogo, dakika kumi. Halafu duka la suti. Halafu duka la vito, na dereva anatubembeleza tukae ndani kidogo eti bila hivyo hapewi kuponi ya mafuta. Jamaa wa dukani anaweka sinia mbele ya mama, anang'ang'ana anunue TANZANITE, na cheti juu, eti akaiuze kwao kwa faida. Mama yangu mimi, mtu wa Arusha, anauziwa tanzanite na Mthai wakati jiwe lenyewe linachimbwa Mererani tu dunia nzima! Tukakataa. Dereva akanuna, akatushusha barabarani hata sijui ni wapi, jua la kuchoma, teksi mbili zikagoma kuwasha mita.

Tunafika getini saa tisa na dakika arobaini, tiketi mwisho saa tisa na nusu. Na pale pale getini kuna tangazo kwamba kasri iko wazi kila siku, msiwasikilize watu wa nje. Sasa kwa nini tangazo liko getini na matapeli wako kule kona ya ukuta, askari wanapita na wanawaona?? Hilo ndilo linaloniuma kuliko hata hela.

Tukaishia hekalu la Wat Pho hapo jirani, Buddha aliyelala wa mita 46, mama akatumbukiza sarafu kwenye vile vibakuli 108 kimya kimya. Usiku tukapanda ndege.

Mnaokwenda, nendeni saa mbili na nusu wanapofungua, nyooka mpaka geti lenye askari, na yeyote anayekuita njiani usimjibu hata salamu.

Ile noti ya baht 1,000 mama aliyoitenga kwa tiketi zetu mbili amerudi nayo, iko kwenye pochi yake mpaka leo.