Vifaranga wanakunja vidole vya miguu: ni lishe au ni mashine?

Mfugaji wa Kibaha (aliyeanzisha mada)

Ndugu wafugaji, naomba ushauri wenu. Nina vifaranga 43 wa kienyeji niliowatotolesha katika mashine yangu ndogo yenye feni, na leo wametimiza siku 13. Wanne walitoka kwenye yai wakiwa na vidole vilivyopinda kando, jambo ambalo nililipuuza kwa sababu walikuwa wakila na kukimbia kama wenzao. Tangu juzi, wengine watano waliokuwa wazima kabisa wameanza kukunja vidole kuelekea unyayoni kama mtu aliyefumba ngumi, na wawili kati yao sasa wanajiburuta kwa magoti huku wakijisaidia kwa mabawa. Chakula nachanganya mwenyewe kwa pumba za mahindi, mahindi ya kuparaza, mashudu ya alizeti na dagaa. Sakafu ya bruda (chumba chenye joto cha kulelea vifaranga) nimetandika magazeti. Muuzaji wa dawa ananishauri niwape antibiotiki, na jirani anasema niwaue kabla ugonjwa haujaenea. Nimsikilize nani?

Mfugaji wa Morogoro

Kwa sasa usimsikilize hata mmoja. Ulivyoeleza, una matatizo mawili yaliyokutana katika bruda moja, na tiba ya moja haifai kwa jingine.

Nianze na wale watano, kwa kuwa hao ndio wa haraka. Vidole vinavyokunjwa chini mwishoni mwa wiki ya pili, kwa kifaranga mwenye hamu ya kula, kwa kawaida ni upungufu wa vitamini B2: neva kubwa ya mguu huvimba na kushindwa kufanya kazi, ndiyo maana mguu hauna jeraha lakini hautii. Kifaranga anahitaji takriban miligramu 3.6 za vitamini hiyo katika kila kilo ya chakula, na nafaka pamoja na pumba zake ni maskini sana kwa upande huo. Katika mchanganyiko wako sijaona premiksi (unga wa vitamini na madini wa kuongeza kwenye chakula), na dagaa peke yao hawawezi kuziba pengo hilo. Nunua vitamini B ya mchanganyiko ya kuku, ipime kama kibandiko kinavyoelekeza, na uwape vifaranga wote, kwa maana wale 34 wengine nao wanakula chakula hicho hicho. Wasioweza kufika kwenye chombo uwanyweshe kwa mkono na uwatenge, kwani wengi hufa kwa kiu na kukanyagwa, si kwa ugonjwa wenyewe. Ini lililochemshwa na kukatwakatwa husaidia pia.

Angalizo moja ambalo wengi hulisahau: mwanga huiharibu B2. Chombo cha maji kinachopitisha mwanga, kikiwekwa juani kutwa nzima, hadi jioni kinakuwa na maji ya rangi tu. Kiweke kivulini na ubadilishe maji kila asubuhi.

Mtotoleshaji wa Iringa

Naongezea kuhusu wale wanne. Kidole kilichopinda kando tangu kuanguliwa hakiponi kwa vitamini. Chanzo huwa ni joto la mashine au urithi wa wazazi. Kiatu cha kadibodi hufanya kazi vizuri katika siku mbili tatu za mwanzo, wakati mifupa ingali laini: unanyoosha vidole juu ya kadibodi, unavibana kwa plasta, unakiacha siku moja au mbili. Kwa siku 13 umechelewa, nami singewasumbua, kwa sababu kuku wa namna hiyo hukua na kuliwa kama wengine, ila usimfanye mzazi.

Mashine ya feni inatakiwa kuwa na nyuzi 37.5 hivi. Usiamini namba inayoonyeshwa mlangoni. Weka kipimajoto kingine usawa wa mayai. Magazeti nayo yaondoe leo hii na umwage maranda, kwani kifaranga anayeteleza hutanuka miguu, na hilo litakuwa tatizo la tatu.

Mfugaji wa Kibaha

Nashukuru sana. Je, nitajuaje kwamba si mahepe, ule ugonjwa wa virusi unaopoozesha kuku? Na antibiotiki niiache kabisa?

Afisa mifugo mstaafu

Mahepe huonekana zaidi kwa kuku wa umri mkubwa kuliko huo, na dalili yake inayojulikana ni mguu mmoja kwenda mbele na mwingine kubaki nyuma. Antibiotiki haina kazi hapa. Kabla ya kuridhika, hata hivyo, shika goti la kila mgonjwa: likiwa limevimba na mguu umepinda upande, huenda kano imechomoka mahali pake, hali inayohusishwa na upungufu wa madini ya manganisi au wa kirutubisho cha kolini. Huyo asiporudishiwa kano mapema hatapona, na ni huruma kummaliza. Goti likiwa la kawaida, fuata ushauri uliopewa. Waliokunja vidole tangu juzi wana nafasi nzuri, lakini neva iliyoachwa wiki kadhaa hairudi.

Mfugaji wa Kibaha (baada ya siku 6)

Narudi na taarifa. Magoti yote yalikuwa ya kawaida. Kati ya wale watano, watatu wamenyoosha vidole kabisa. Mmoja bado anachechemea, na yule aliyekuwa hoi zaidi alikufa usiku wa kwanza kabla sijapata dawa. Hakuna mgonjwa mpya, na sasa chakula nakitia premiksi. Kipimajoto nilichokiweka usawa wa mayai kilisoma nyuzi 38.6 huku mlango ukionyesha 37.5. Wale wanne wenye vidole vya kando nimewatia alama ya uzi mwekundu mguuni, wasije wakachanganyika na mitetea ya mbegu.

Mtotoleshaji wa Iringa

Uzi huo uwe unaulegeza kila wiki, maana miguu inanenepa upesi kuliko unavyodhani.