Naombeni ushauri: nimemjibu mwanafunzi vibaya kuhusu homoni na umri wa mnyoo

MwalimuWaZamu
Wakuu, salaam. Nafundisha baiolojia sekondari. Juzi nilieleza habari za C. elegans, mnyoo wa milimita 1 anayeishi wiki mbili tatu tu. Nikasema watafiti wakimuunguza kwa leza seli zitakazozaa mayai na mbegu angali mchanga, umri wake unaongezeka kwa karibu asilimia 60. Binti mmoja akauliza kwa nini. Nikajibu: hazai, kwa hiyo nguvu za uzazi zinabaki mwilini.

Jana usiku nimesoma kwamba ukiondoa kiungo chote cha uzazi, umri hauongezeki. Naye si hazai vilevile? Nimekosa usingizi. Nimrudieje yule binti?

Nyuki_Jike
Pole mwalimu. Wote wawili hawazai, mmoja tu anadumu, basi suala si akiba ya nguvu. Ni taarifa. Seli za uzazi zikitoweka, sehemu ya kiungo iliyobaki inachochea homoni ya steroidi, asidi ya dafakroniki, ambayo hushika kipokezi (protini inayopokea ujumbe wa homoni) kinachoitwa DAF-12. Protini ya DAF-16 nayo inaingia kwenye viini vya seli za utumbo na kuwasha jeni za kuulinda mwili. Ukiondoa kiungo chote, ujumbe haufiki. Halafu homoni hiyo hutokana na kolesteroli, ambayo mnyoo hawezi kujitengenezea. Anaipata kwenye chakula. Hapo mimi huwa nashangaa kila mara.

Mzee wa Darubini
Usisahau insulini, nayo ni homoni. Mwaka 1993 mtafiti Cynthia Kenyon na wenzake walionyesha kwamba badiliko kwenye jeni ya daf-2 linaongeza umri wa mnyoo huyu zaidi ya mara mbili. Baadaye, mwaka 1997, ikajulikana kuwa daf-2 hutengeneza kipokezi cha jamii ya insulini. Mnyoo wa kawaida akishazeeka, ukimgusa kwa unywele anatikisa kichwa tu. Mwenzake wa siku zilezile mwenye badiliko anaondoka anatambaa.

Bahari7
Mimi ningemtajia pweza, japo si mnyama sahili kama mnyoo. Jike akishataga huacha kula, analinda mayai mpaka afe. Mwaka 1977 mtafiti Jerome Wodinsky alimtoa tezi zilizo karibu na macho: akayaacha mayai, akarudia kula, akaishi zaidi. Mayai alikuwa ameshayataga, mwalimu! Gharama ilishalipwa.

Nyuki_Jike
Huo mfano umekaa vizuri. Ila usianze kwa kutoa jibu. Chora minyoo watatu: mzima, asiye na seli za uzazi, asiye na kiungo chote. Waache wabashiri nani atadumu, kila mmoja aandike kwanza.

MwalimuWaZamu
Nimewaelewa, asanteni sana. Kesho naanza kwa kuwaambia wazi kwamba jibu langu la juzi lilikuwa na kosa. Kisha nachora hao watatu, na chaki nampa yule binti.