Tupeane uzoefu: Kipupwe cha Mwanza mnakifaidi vipi?

Mleta uzi

Wakuu, poleni na baridi. Leo saa kumi na mbili asubuhi simu yangu ilionyesha nyuzi 16 hapa Nyegezi. Konda wa daladala alikuwa amevaa jaketi la manyoya ambalo bila shaka lilishonwa kwa ajili ya watu wa theluji. Mchana saa nane itafika 28 na jaketi litakuwa limetupwa nyuma ya kiti. Ndiyo baridi yetu hiyo, inaingia usiku na kuaga kabla ya chai ya saa nne.

Mimi naupenda msimu huu kuliko yote. Masika imeisha, tope limekauka, blanketi limetoka kabatini. Wenzetu wa Ulaya muda huu wanalia joto, sisi tuko kusini mwa Ikweta, ingawa ni kwa kilomita 280 tu hivi, kwa hiyo Juni mpaka Agosti ni zamu yetu.

Naanza na langu. Nyuma ya nyumba tuliyopanga kuna jiwe kubwa kuliko nyumba yenyewe, kama mnavyoijua Mwanza. Mchana mama mwenye nyumba anaanika michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, juu yake. Jioni akishaanua, sisi wapangaji tunapanda. Jiwe limekula jua kutwa nzima, ukiliegemea saa moja usiku mgongo unapata joto kama umeegemea ukuta wa tanuri la mkate, na saa tatu bado lina uvuguvugu. Tunapanda na chupa ya chai ya tangawizi na karanga za kukaanga. Uzuri wa kule juu ni kwamba hakuna anayeulizwa kodi.

Karibuni, kila mtu na la kwake.

Mvuvi wa Mwaloni

Mkuu, jiwe umelisema, ziwa je? Mimi navua dagaa. Saa kumi alfajiri upepo unatoka nchi kavu kwenda ziwani, unakata masikio. Sasa tumbukiza mkono kuvuta wavu: maji ya moto! Sio moto wa kuunguza, lakini maji yanabaki kwenye nyuzi 24 hivi wakati hewa ni 16. Kijana mmoja mgeni alidhani mashine ya boti imemwaga maji yake. Sisi wazoefu tunajifanya tunaweka wavu sawa, kumbe tunaota mikono.

Jua la msimu huu nalo ni mali. Masika unaanika dagaa huku unatazama wingu, likinyesha umekula hasara, wanageuka chakula cha kuku. Sasa hivi ukianika asubuhi, jioni wamekauka wanalia kwenye gunia.

Ila msidanganyane kwamba ni raha tupu. Huu ndio msimu wa kusi. Upepo huo, pamoja na maji ya juu kupoa, ndio unaolichanganya ziwa, ya chini yanakuja juu na ya juu yanashuka. Mawimbi ya mchana hayana adabu. Anayesifia kipupwe hajawahi kurudi kutoka Ukerewe saa tisa alasiri kwenye mtumbwi uliojaa.

Mama Mitumba

Mimi nauza mitumba soko la Mlango Mmoja. Juni ya mwaka fulani nilinunua belo nikiambiwa ni majaketi mepesi. Aliyeniuzia simtaji, Mungu anamjua. Nakata kamba, nakuta suruali za kutelezea kwenye barafu. Nzito kama godoro, zina mikanda ya mabegani, nyingine rangi ya chungwa inayowaka. Nilikaa chini nikaanza kuhesabu mtaji ulioteketea.

Wakaja bodaboda. Mmoja akajaribu, akacheka, akalipa. Kesho yake akaja na wenzake sita. Siku ya tatu sikuwa na hata moja! Ndipo nikajua baridi ya Mwanza haiko mtaani, iko juu ya pikipiki saa kumi na moja alfajiri pale unaposhuka Bugando kuelekea mjini. Tangu hapo kila Mei natafuta belo lile lile na silipati.

Mtu wa Makete

Samahani jamani, nacheka. Kwetu Julai unaamka majani yote meupe kwa barafu, maji ya kwenye ndoo yameshika ngozi juu. Nilipohamia hapa nikaona watu wamevaa kofia za sufi kwenye nyuzi 16, nikapiga picha nikawatumia wa nyumbani.

Huu mwaka wa tatu. Jana nimenunua sweta. Naomba mama yangu asione uzi huu.

Wa Buzuruga

Langu ni la kuonya, msinione naharibu sherehe. Julai moja niliingiza jiko la mkaa chumbani, nikafunga dirisha na kuziba chini ya mlango kwa kanga. Raha kweli, usingizi mtamu. Nilichoshukuru ni kwamba jirani alikuja kuazima chumvi, akagonga mpaka nikaamka. Kichwa kinapasuka, miguu haina nguvu, natapika. Ile hewa ya sumu ya mkaa haionekani wala hainuki, ndiyo ubaya wake. Jiko libaki nje, ndani blanketi mbili.

Aliyesoma Durban

Nimekaa Durban miaka miwili. Baridi yao ni binamu ya yetu: Julai mchana 23, usiku 11 hivi, jua kila siku kwa sababu mvua zao ni za majira ya joto. Nyumba zimejengwa kwa kufikiria joto, kwa hiyo asubuhi ndani ni baridi kuliko nje, unatoka na kikombe ukaote jua ukutani. Si ndivyo tunavyofanya hapa?

Halafu Juni na Julai dagaa wa baharini wanapita pwani kwa makundi makubwa, sadini wale. Wakisogea ufukweni watu wanakimbilia majini na ndoo, vikapu, wengine na sketi zao. Niliona nikajua wanadamu ni wamoja, ni soko letu la samaki la Mwaloni tu, ila la maji ya chumvi.

Mzee wa Kisesa

Mwangaluka, wanangu. Ninyi mnaongelea sweta. Sisi baridi tulikuwa tunaipokea kwa shikome. Mavuno yakishaisha, baba anawasha moto uwanjani, magogo makubwa, wanaume na vijana wanakaa kuuzunguka. Hapo ndipo ulipojua ukoo wako, ng'ombe yupi katoka kwa nani, na kosa lako la mchana lilitajwa bila kutaja jina lako. Ulikuwa unaungua mbele na kuganda mgongo.

Na chakula chake ni michembe na matobolwa. Naona vijana wanavichanganya. Michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa vibichi vikaanikwa, matobolwa huchemshwa kwanza. Michembe upike na karanga. Matobolwa tia mfukoni, utafune njiani.

Mwezi wa sita pia ndio wa Bulabo, sherehe yetu Wasukuma pale Bujora, makundi mawili ya wachezaji, Wagika na Wagalu, wakishindana ngoma. Ukisimama jioni katika lile vumbi, baridi hutaijua.

Wa Capri Point

Naomba niwatetee mijusi. Kuna mjusi wa mawe ambaye hata jina lake la kisayansi ni letu, Agama mwanzae. Dume ana kichwa na mabega mekundu, mwili wa buluu. Saa moja asubuhi kajibanza kwenye ufa, haoni aibu. Jua likishapiga jiwe ndipo anatoka, anajilaza bapa, anapata moto, halafu anaanza kupiga pushapu kuwatisha wenzake.

Nilimweleza bosi wangu haya yote siku nilipochelewa kazini. Hakupendezwa.

Mleta uzi

Mzee wa Kisesa, asante, kumbe mimi mwenyewe nilikuwa natafuna matobolwa nikiyaita michembe. Mama Mitumba, lile belo ukilipata tena niwekee moja, rangi yoyote isipokuwa chungwa.

Tatizo ni moja tu. Mama mwenye nyumba kasoma uzi huu. Jana jioni kapanda na yeye juu ya jiwe, kajimiminia chai yangu, katulia kidogo, halafu kaniuliza kodi ya Juni.