Simu Zibaki Mlangoni: Gumzo la Jamaa wa Kibokoni

Bi Zuhura: Assalaam alaykum, jamaa zangu. Kupamba kwa binti yangu, ile sherehe ya wanawake watupu ya kumwonyesha bi harusi, kunakaribia, na nimeamua kwamba kila mgeni ataacha simu yake mlangoni, awe ndugu au jirani. Wanawake watakuwa wamevua mabuibui na kujipamba, kila mmoja akiamini kwamba anaonwa na wanawake wenziwe tu.

Asha: Waalaykum salaam, shangazi. Naona kubandika stika juu ya kamera kungetosha, kwa sababu mwenye mtoto mchanga nyumbani hawezi kukaa ukumbini hadi saa sita za usiku bila ya kupata habari zake.

Bi Zuhura: Stika hubanduliwa kwa ukucha, mwanangu. Katika harusi moja tuliyohudhuria kule Majengo stika zilibandikwa, na bi harusi hajateremka jukwaani picha zake zilikuwa zimeshafika Maskati.

Ami Salim: Naomba kuuliza, nami ni mzee. Tumeambiwa kwamba ujumbe wa WhatsApp hufungwa kwa namna ambayo hata kampuni yenyewe haiwezi kuusoma. Basi picha aliyotumiwa dada peke yake huvujia wapi?

Nasra: Shikamoo, Ami. Uliyoambiwa ni kweli, na ulinzi huo umekuwapo kwa watumiaji wote tangu mwaka 2016, lakini unailinda picha ikiwa njiani tu. Ikishafika, kwenye simu nyingi huingia yenyewe katika hifadhi ya picha, na kutoka hapo nakala yaweza kupanda hadi kwenye akaunti ya Google ya mwenye simu bila ya yeye kugusa kitu. Simu hiyo hiyo ndiyo wanayopewa watoto wacheze mchezo, na ndiyo inayopelekwa kwa fundi kioo kikipasuka, naye fundi huomba nambari ya siri ili aijaribu. Aliyeifuta picha kwenye gumzo hawezi kuifuata huko kote.

Ami Salim: Lakini sheria ipo. Mwaka 2023 ukumbi mmoja wa starehe wa Nairobi ulitozwa faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ya idhini yake.

Nasra: Ipo, Ami. Kifungu cha 31 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 ndiyo iliyompa Kamishna wa Data uwezo wa kutoza faini hiyo. Ila sheria hiyo hiyo imeyaacha nje mambo ya mtu binafsi na ya nyumbani mwake, kwa hivyo mpambaji anayeitangaza kazi yake kwa uso wa bi harusi anaweza kushtakiwa kwa Kamishna, lakini binamu yetu anayemtumia dadake picha huenda asiguswe. Nasi tunajua kwamba harusi zetu huvujishwa zaidi na mabinamu.

Asha: Basi na huyo mpambaji aambiwe mapema. Wengine huiweka sura ya bi harusi Instagram kabla gundi ya kope haijakauka, na kunyamaza kwake wakakuhesabu kuwa ni ruhusa.

Nasra: Kunyamaza si idhini kwa mujibu wa sheria, na hata aliyekwisha kukubali anaweza kuiondoa idhini yake baadaye. Nitaandika karatasi fupi, naye aitie saini kabla ya kupewa arubuni.

Bi Zuhura: Ahsante, mwanangu. Simu zitatiwa katika mifuko midogo ya nguo yenye nambari, kila mtu apewe kikaratasi chake. Mlangoni patakuwa na simu moja ya kabambe isiyo na kamera, ambayo nambari yake nitaiweka hapa ili wenye watoto wachanga waiache nyumbani kwa yaya. Na kwa kuwa Asha ndiye aliyewatetea wenye simu, yeye ndiye atakayekaa mlangoni kuipokea mifuko.

Asha: Shangazi! Na mimi nguo yangu nimeshaishona.

Bi Zuhura: Ivae, ukae nayo mlangoni.